Mkondo unaposhuka chini ya infraredi: jibu kuhusu waya wa nano wa InAs

Swali limetoka kwa dada anayesoma fizikia kwenye kampasi ya Kasapa, Lubumbashi. Linahusu waya mwembamba sana wa InAs, yaani arsenidi ya indiamu, semikonda inayopokea infraredi. Kwa ufupi anasema hivi: "Nimepewa chipu yenye waya mmoja wa nano wa InAs, kipenyo nanomita 80, uliolazwa juu ya silikoni yenye oksidi ya nanomita 300. Elektrodi mbili zimeachana kwa maikromita 2.5. Gizani, kwa volti 0.1, napata maikroampea 4. Nikiwasha LED ya nanomita 940 kwa umbali wa sentimita 5, mkondo unashuka hadi 3.6, na nikiizima unachukua karibu dakika nzima kurudi. Leza ya nanomita 1550 nayo inaupandisha kidogo sana. Vitabu vinasema mwanga huongeza elektroni. Je, chipu imekufa?"

Haijakufa, dada. Chipu iliyokufa haipitishi kitu, au inapitisha bila kujali mwanga. Yako inajibu, tena kwa nguvu. Shida ni kwamba unachokiona ni majibu mawili au matatu yaliyopandana, na kila moja lina chanzo chake. Kabla ya kuyatenganisha tupige hesabu, maana kwa vitu vidogo namna hii hesabu ya dakika tano huokoa vipimo vya wiki nzima.

LED ya kawaida ya telekomande, ile ya milimita 5, ikipewa miliampea 50 hivi, kwa umbali wa sentimita 5 huangusha kama miliwati 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Waya wako una upana wa nanomita 80 na urefu wa maikromita 2.5, kwa hiyo eneo linalopokea mwanga ni maikromita ya mraba 0.2. Ukizidisha, mwanga wote unaouangukia ni pikowati 2. Nishati ya fotoni (chembe moja ya mwanga) unaipata katika elektroni-volti, eV, kwa kugawanya 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita: kwa 940 ni eV 1.32. Pikowati 2 basi ni fotoni kama milioni 9.5 kwa sekunde. Hata kila fotoni ikimezwa, na kila moja ikatoa elektroni moja inayofika kwenye elektrodi, mkondo wake haufiki pikoampea 2. Wewe umepoteza maikroampea 0.4, zaidi ya mara 250,000 ya hapo. Hakuna namna ya kueleza badiliko hilo kwa kuhesabu fotoni peke yake.

Sasa hesabu elektroni zilizomo ndani ya waya. Volti 0.1 kwa maikroampea 4 ni ukinzani wa kiloohm 25. Chukua mobiliti (wepesi wa elektroni kusogea zikisukumwa na volteji) ya sentimita za mraba 2,000 kwa volti-sekunde, thamani isiyo ya ajabu kwa waya wa InAs wa unene huo. Msongamano unatoka kama 6 × 10¹⁷ kwa sentimita ya ujazo, na kati ya elektrodi zako mbili mna elektroni huru 7,800 hivi. Elfu saba na mia nane tu! Kushuka kwa asilimia 10 maana yake ni kwamba elektroni 780 zimeondoka kwenye msafara. Ukizitawanya juu ya uso wote wa waya unapata 1.2 × 10¹¹ kwa sentimita ya mraba, na uso wa InAs ulioachwa hewani kwa kawaida una mitego (kasoro zinazonasa elektroni) zaidi ya mara kumi ya idadi hiyo. LED inaleta fotoni milioni 9.5 kila sekunde, na kinachohitajika ni elektroni mia nane tu zinaswe. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuulizwa ni uso wa waya.

Uso wa InAs una tabia yake. Kiwango cha Fermi, yaani usawa wa nishati ambao elektroni hujaa hadi hapo, hushikwa pale juu ya ukingo wa bendi ya upitishaji (nishati ambazo elektroni hutembea huru), hivyo elektroni hurundikana usoni hata kama hakuna aliyetia dopi, yaani uchafu wa makusudi wa kuongeza chaji. Ndiyo maana waya wako unapitisha vizuri gizani. Juu ya hapo hewa huuvisha ngozi ya oksidi ya nanomita chache, na mitego imejaa humo. Fotoni ya eV 1.32 inapomezwa, pengo la nishati la InAs (nishati ya kuikomboa elektroni moja) linachukua eV 0.35 tu kwa halijoto ya chumba. Inayobaki, karibu eV 1 nzima, sehemu yake kubwa inabebwa na elektroni kwa kuwa ni nyepesi kuliko tundu, yaani nafasi tupu inayoiacha nyuma. Elektroni hiyo ya moto, kabla haijapoa, inaweza kuruka kizuizi na kuingia kwenye oksidi, na huko inanaswa. Tundu lake linabaki ndani, linakutana na elektroni huru mojawapo, zote mbili zinafutika. Hesabu ya mwisho: elektroni moja imenaswa, na moja imepungua ndani ya waya. Ukipenda kuiona kwa jicho la mtu wa transista, chaji hasi iliyokwama usoni imekuwa geti (elektrodi inayodhibiti mkondo kwa volteji yake) hasi iliyouzunguka waya pande zote. Na kwa kuwa elektroni iliyonaswa haina joto la kutosha kutoka haraka, mkondo unarudi kwa sekunde nyingi, na mkia wake hauonekani kwisha.

Fotoni ya 1550 ina eV 0.80. Ukitoa pengo inabaki eV 0.45, na elektroni chache sana zenye nguvu hiyo zinafika kwenye oksidi. Unabaki na kile vitabu vinachokieleza, mwanga kuongeza elektroni. Alama mbili tofauti kutoka kwenye chipu moja hazipingani hata kidogo. Kuna watafiti walioitumia tabia hii makusudi: mwaka 2016 ilichapishwa kazi ambamo waya wa InAs uliangaziwa kwanza kwa mwanga wa kuonekana ili mitego ijae na mkondo wa giza ushuke, kisha infraredi ya zaidi ya maikromita 3 ikapimwa kwa halijoto ya chumba, na mkondo ukapanda. Kilichokutisha wewe, wao walikifanya hatua ya kwanza.

Lakini usiandike hayo kwenye ripoti bado. Kuna washukiwa wengine wawili.

Wa kwanza ni silikoni iliyo chini ya waya, ambayo kwa chipu kama yako ndiyo hutumika kuwa geti. Silikoni inameza mwanga hadi karibu maikromita 1.1, ya 940 inaimeza, ya 1550 inaipitisha tu. Kwa hiyo tofauti uliyoiona kati ya LED na leza inaweza isiwe ya waya kabisa. Kama silikoni hiyo ina dopi kidogo, mwanga huamsha chaji kwenye mpaka wake na oksidi, na volteji ya geti inakaa zaidi juu ya oksidi kuliko ilivyokuwa gizani. Silikoni ya aina p yenye geti hasi itaushusha mkondo wa waya wako. Ya aina n yenye geti chanya itaupandisha. Waulize waliotengeneza chipu ukinzani wa silikoni ni kiasi gani. Chini ya ohm-sentimita 0.01, ondoa wasiwasi. Ikiwa ni ohm-sentimita 1 hadi 10, usiamini kipimo chochote cha 940 mpaka umeangalia kinavyobadilika na volteji ya geti. Na kama geti umeiacha ikielea bila kuunganishwa popote, anza upya: iunge na ardhi.

Wa pili ni joto, na hapa watu wengi hukosea upande. Mwanga wa LED hauwezi kuupasha waya moja kwa moja. Pikowati 2 si kitu mbele ya maikrowati 0.4 ambazo mkondo wako wenyewe unazimwaga ndani ya waya. Ila LED yenyewe inakula kama miliwati 70, na ukiiweka karibu inapasha chipu nzima pamoja na kishikio chake. Joto hilo linapunguza mobiliti, na lenyewe pia huja na kuondoka polepole, kwa sekunde. Kipimo chake ni rahisi: gizani, pasha kishikio nyuzi 2 kwa rezista ndogo ukisoma termista iliyobandikwa kando ya chipu. Kama nyuzi 2 hazisogezi mkondo hata asilimia 1, joto limejitoa kwenye kesi.

Kwa leza mambo yanageuka. Hukusema nguvu yake wala ukubwa wa doa. Leza ya miliwati 1 ikikusanywa kwenye doa la kipenyo cha maikromita 10 huleta karibu maikrowati 2.5 juu ya waya, zaidi ya mara milioni ya LED. Waya mwembamba hivyo haumezi zote, lakini hata sehemu ndogo yake inakaribia joto la mkondo wenyewe. Usilinganishe LED na leza kwa kusema hii imeshusha na ile imepandisha, kama hujaandika wati kwa sentimita ya mraba kwa kila moja.

Mpangilio wa kazi ninaoushauri ni huu. Funika chipu ndani ya kopo la maziwa ya unga, lile la bati, lililotobolewa kitundu cha LED na kuungwa na ardhi ya saketi. Linazuia mwanga wa dirishani na kelele ya umeme kwa pamoja. Acha gizani nusu saa kabla ya kusoma chochote, kwa sababu mwanga wa labo umekwisha jaza mitego na taa za ukutani zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Pima mkondo kutoka volti −0.1 hadi +0.1. Mstari ukinyooka, miunganisho ni mizuri. Ukipinda, au ukiona mkondo kwa volti 0 mwanga ukiwaka, basi miunganisho ya metali ndiyo inayojibu, na hapo sehemu kubwa ya niliyoyaeleza juu haikuhusu.

Kisha isogeze LED kutoka sentimita 5 hadi 10. Mwanga unabaki robo. Badiliko likibaki robo pia, joto au fotoni za kawaida zinawezekana. Likibaki nusu au zaidi, mitego imekaribia kujaa na ni uso unaosema. Baada ya hapo washa na uzime LED kwa hertzi 1, 10, 100 na 1,000. Ishara ya mitego hufifia mapema, mara nyingi kabla ya hertzi 10 kwa waya unaochukua dakika kurudi. Usishangae ukikuta kimya kwenye hertzi 1,000. Ukuzaji wa ishara ni muda ambao chaji inaishi ukigawanywa kwa muda wa elektroni kuvuka waya, na kwako kuvuka kunachukua nanosekunde 0.3 hivi. Chaji inayoishi nanosekunde 1 inakupa ukuzaji wa mara 3, yaani pikoampea 5 kwa LED hiyo. Kelele ya joto ya ukinzani wa kiloohm 25 peke yake ni pikoampea 0.8 kwa mzizi wa hertzi, na kelele ya masafa ya chini ya waya wenye maikroampea 4 inaizidi kwa mbali. Bila amplifaya ya lok-ini, ile inayosoma ishara ya masafa mamoja tu, hutaiona. Mtu anayekuletea waya wa nano wenye mwitikio wa maelfu ya ampea kwa wati na kasi ya nanosekunde, muulize kama namba hizo mbili zilipimwa siku moja kwa mwanga uleule.

Jaribio la mwisho la uso ni hewa. Kwa Lubumbashi hili lina uzito, maana waya uliopimwa Julai kwenye hewa kavu na uleule ukipimwa Januari mvua zikinyesha hautatoa grafu moja: maji na oksijeni vinavyokaa usoni hushika na kuachia elektroni. Kama pampu ya ombwe haipo, funga chipu siku nzima kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na silika jeli iliyokaushwa kwenye oveni, pima bila kukifungua, halafu linganisha. Muda wa kurudi ukibadilika sana, umeshampata mhusika. Kama una geti, ongeza hili: mkondo ukiwa chini baada ya kuzima LED, ipe geti volti hasi kwa sekunde moja, kidogo kidogo kuanzia −5, kisha irudishe 0. Elektroni zilizonaswa zinasukumwa zitoke, na mkondo ukiruka kurudi karibu na 4 papo hapo, joto halina utetezi tena.

Saketi ya kusomea haihitaji mashine ya gharama. Betri ya volti 1.5 yenye rezista ya ohm 1,500 na ya ohm 100 mfululizo hukupa volti 0.094 juu ya ile ya 100; hiyo ndiyo ya kuusukuma waya. Upande wa pili wa waya uende kwenye ingizo hasi la op-amp (chipu ya kukuza ishara) kama TL072, rezista ya marejesho kiloohm 100, kapasita ya pikofaradi 100 sambamba nayo. Maikroampea 4 zinakuwa volti 0.4, na saketi inafuata hadi kilohertzi 16. Iendeshe kwa betri mbili za volti 9. Umeme ukikatika katikati ya kipimo cha dakika ishirini hupotezi kitu, na hertzi 50 za ukutani haziingii.

Kuhusu namna chipu hizi zinavyokufa kweli: karibu zote hufa mikononi, si kwenye mwanga. Usiupime waya kwa multimita ya mkono kwenye ohm. Kwenye skeli ya chini nyingine hutuma hadi miliampea 1, na kwa kipenyo chako hiyo ni ampea milioni 20 kwa sentimita ya mraba. Waya unayeyuka kabla hujasoma namba. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, mwili unakusanya umeme tuli kwa kutembea tu, kwa hiyo vaa kamba ya mkononi yenye megaohm 1 kwenda ardhini, na elektrodi zote zikae zimeunganishwa pamoja mpaka saketi iwe tayari. Volteji ipandishwe taratibu kutoka 0, isiwashwe ghafla.

Utakutana na maandishi yanayoshauri kuondoa oksidi kwa polisulfidi ya amonia. Inafanya kazi: inakula oksidi na kuacha sulfuri usoni, na mwitikio hasi hupungua. Ila ikiwa kali inaula waya wenyewe, inatoa gesi yenye sumu kwa hiyo lazima iwe chini ya hudi (kabati la kufyonza hewa), na hewa inarudisha oksidi baadaye kama hujafunika kwa tabaka jingine. Kwa mtu mwenye chipu moja, nasema hapana.

Jambo dogo kuhusu kipimo chako cha 1550. Mwanga wa leza kwa kawaida hutetemeka upande mmoja, na waya mwembamba kuliko wimbi hupokea vizuri mwanga unaotetemeka sambamba nao tu. Ule wa kukatisha unadhoofishwa: uga wake ndani ya waya unakuwa 2 ukigawanywa kwa 1 jumlisha kipermiti cha nyenzo (kipimo cha inavyoudhoofisha uga wa umeme), na kwa namba kama 12 nguvu inabaki karibu asilimia 2. Mwaka 2001 kundi la Lieber, Harvard, lilipima hilo kwenye nyaya za InP na tofauti ikawa kubwa kama nadharia ilivyodai. Juu ya silikoni haitakuwa kali hivyo, lakini izungushe chipu nyuzi 90 kabla ya kuandika kwamba mwitikio wa 1550 ni mdogo. Huenda uliupima kwa upande mbaya.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya 1550 bila kununua leza nyingine, chuma cha solda kinatosha. Kikiwa nyuzi 350 za Selsiasi kilele chake kiko kwenye maikromita 4.6, na sehemu ya mwanga wake iliyo chini ya maikromita 3.5 InAs inaiona. Nyaya nyingi za InAs hukua kwa mpangilio wa atomi uitwao wurtzite ambao pengo lake ni kubwa zaidi kidogo, hivyo ukomo unaweza kuwa mfupi kuliko huo. Mbele yake weka kipande cha silikoni chenye dopi kidogo kilichong'arishwa pande zote mbili: kinazuia mwanga wote wa kuonekana na kupitisha kama nusu ya ule wa zaidi ya maikromita 1.2. Gerimani ingefaa pia, inaanzia karibu maikromita 2, nayo ndiyo hutengenezewa lenzi za kamera za joto. Ajabu ni kwamba inatolewa hapo hapo kwenye terili ya Lubumbashi, kile kilima cha mabaki ya kuyeyusha madini, lakini inaondoka nchini ikiwa konsentreti, kwa hiyo dirisha lake bado utaliagiza nje. Mkono wako usiutumie kama chanzo. Mwili wa binadamu unang'aa zaidi karibu na maikromita 9.5, fotoni za eV 0.13, na InAs haizioni. Ukiona mkondo unasogea mkono ukikaribia, ni umeme tuli au joto la kishikio.

LED ya 940 na leza ya 1550 zote hazionekani, na jicho halikwepi lisichokiona. Kamera ya mbele ya simu mara nyingi inaionyesha ya 940 kama nukta ya zambarau, hivyo unaweza kuitumia kulenga. Ya 1550 haionyeshi kabisa, na kwa hiyo leza iwe imefungwa mahali pake, doa lake limeshaelekezwa kwenye chipu, ndipo uiwashe.